Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa Mipango Miji: zimeni mabango tulale

Mheshimiwa Mkurugenzi,

Shikamoo. Nakuandikia kuhusu bango la skrini lililosimikwa mkabala na madirisha ya nyumba zetu. Tangazo hubadilika kila baada ya sekunde chache, na kila likibadilika chumba cha watoto hugeuka rangi: mara chekundu, mara buluu, mara weupe mkali unaoonyesha hata mikunjo ya shuka. Mapazia mazito tumeweka. Mwanga unapenya pembeni, na dirisha halifunguliwi tena, kwa hiyo joto nalo tumelikaribisha.

Jirani wa upande wa pili hapati mwanga huo. Yeye kaletewa mgongo wa bango: vyuma, nyaya, na feni za kupoza mitambo zinazonguruma usiku kucha. Upande huo hauna mteja, basi hakuna aliyeona haja hata ya kuupaka rangi.

Tunaambiwa tutazoea. Mwili hauzoei hivyo. Ndani ya jicho mna chembe ambazo kazi yake kubwa si kutuonyesha vitu, bali kuuarifu ubongo kama ni usiku au mchana. Mwanga wa buluu ndio unaozichochea zaidi, na mwanga mweupe wa taa za LED, kama za skrini hizi, unao mwingi. Zikichochewa, ubongo hupunguza melatonini, homoni inayouandaa mwili kulala. Mtoto anayelala katika chumba kama hicho anaamka kachoka, halafu shuleni anaitwa mvivu.

Kinachoniudhi zaidi ni kwamba dawa ipo na ni rahisi. Skrini hizi hutengenezwa ziweze kushindana na jua, ndiyo maana mchana mng'ao wake hufikia maelfu ya kandela kwa mita ya mraba. Giza likiingia, mia chache tu zinatosha kusomeka vizuri. Mwanga unaweza kupunguzwa, tena kwa kihisio kinachofanya kazi chenyewe. Anayeliacha bango liwake usiku kama saa sita mchana ameamua tu, au hakuna aliyemuuliza.

Na hapo ndipo ofisi yako inapoingia. Mwombaji wa kibali huulizwa ukubwa wa bango na hutozwa ada. Haulizwi dirisha la nani linatazamana nalo. Sisi tunaoishi chini yake tulipata habari siku nguzo ilipokuwa inachimbiwa, katikati ya njia ya waenda kwa miguu. Sasa wanaosukuma viti vya magurudumu wanashuka barabarani kupishana na magari.

Ukubwa nao si jambo dogo. Mei 2024, bango liliangukia watu huko Ghatkopar, Mumbai, India, wakati wa dhoruba ya vumbi, likaua 17. Lilikuwa na futi 120 kwa 120, ilhali kikomo kilikuwa futi 40 kwa 40. Upepo ukivuma hapa kwetu, tunalitazama la kwetu kwa jicho jingine.

Najua jibu litakuwa mapato. Sikuombi ufanye kama jiji la São Paulo, Brazili, ambako sheria iliyoanza kutumika mwaka 2007 iliondoa maelfu ya mabango mji mzima, hadi mitaa ya mabanda iliyokuwa imefichwa nyuma yake ikaonekana. (Ingawa hilo la kuonekana kilichofichwa si baya.) Ufaransa haikufika huko, lakini imeagiza matangazo mengi yenye mwanga yazimwe kuanzia saa 7 usiku hadi saa 12 asubuhi, na biashara inaendelea. Barabara kuu zenye maduka zipo, mabango yakae huko. Na yale ya kamari na pombe yaliyo kwenye njia ya watoto kwenda shule, sidhani yanahitaji mjadala mrefu.

Ninachoomba ni hiki. Skrini zinazotazamana na makazi zizimwe kuanzia saa 4 usiku, na kabla ya hapo zipunguzwe mwanga, mkaguzi wako aje na kipimo badala ya kukisia kwa macho. Kabla ya kibali kipya kutolewa au cha zamani kuhuishwa, wakazi walio mbele na nyuma ya bango waarifiwe kwa maandishi na wapewe siku 30 za kutoa pingamizi. Nguzo iliyoziba njia ihamishwe kwa gharama ya mwenye bango.

Nasubiri majibu kwa maandishi, na nakala ibandikwe kwenye ubao wa ofisi yako ili majirani nao wasome.

Wako,
Mkazi