Tusiwadharau waliounda vichwa vya umeme vya kwanza

Mhariri,

Naomba nafasi kidogo katika gazeti lako. Tangu treni ya umeme ianze kuja hapa Morogoro mwaka 2024, vijana wa mtaani kwangu hunionyesha kwenye simu picha za vichwa vya umeme vya zamani, hasa DD1 ya reli ya Pennsylvania, Marekani, ya mwaka 1910. Wakiona magurudumu yake yameunganishwa kwa vyuma vya pembeni kama ya mvuke, wanasema wahandisi wale walinakili tu. Nimefanya kazi karakana ya reli, vichwa vya mvuke nimevifungua na kuvifunga, na hukumu hiyo inaniuma.

Kichwa cha mvuke husukumwa na pistoni inayokwenda mbele na kurudi nyuma. Ili kupunguza mtikisiko, gurudumu huongezewa chuma kizito upande mmoja. Pitisha mkono kati ya spoku utakigusa: kinene, kimepinda kama mwezi mchanga. Kinasaidia, lakini kila kinaposhuka kinaigonga reli, na mwendo ukizidi, kipigo nacho kinazidi.

DD1 haina pistoni. Mota inazunguka, mtaimbo unaopokea nguvu yake unazunguka, hata vile vyuma vya pembeni vinafuata mzunguko, kwa hiyo uzito wote unasawazishwa na reli inapona. Kwa macho ni vyuma vilevile. Mzigo wanaoupata mafundi wa njia ni tofauti kabisa.

Na mota ziliwekwa juu, ndani ya bodi, kwa makusudi. Wenzao wa New York Central, reli nyingine ya Marekani, walizifunga chini, kwenye ekseli zenyewe, yaani mihimili inayobeba magurudumu, bila hata giya. Ubunifu mkubwa ule, nausifu. Ila uzito uliolala chini bila springi unaisumbua reli, hasa kwenye kona. Februari 1907 treni yao iliyovutwa na vichwa hivyo iliacha njia Woodlawn, mjini New York, wakafa watu wapatao 20, na baadaye vikaongezewa magurudumu ya kuongoza. Pennsylvania nao walifanya majaribio yao, wakaona kichwa chenye uzito juu hakisukumi sana reli kwa ubavu. Mota ikishapanda juu, nguvu yake itafikaje kwenye magurudumu? Ndipo vyuma vya pembeni vikahitajika.

Ombi langu, Mhariri: mkichapisha picha za vichwa hivi, msiishie kwenye pua na rangi. Tuonyesheni magurudumu kwa karibu, na mweleze mota imekaa wapi.

Fundi mstaafu wa reli,
Morogoro