Hayo makopo ya mitokondria hayatibu Parkinson

Mhariri, naomba kanafasi maana hili jambo limenichosha. Hapa Moshi kuna jamaa wanapita na spika na makopo ya unga, wanatangaza kwamba mzee akitetemeka mikono basi mitokondria zake zimeishiwa nguvu, anunue kopo zitaamka. Kinachoniudhi zaidi ni kwamba nusu ya maneno yao ni kweli.

Mitokondria ndo zinazotengeneza nishati ndani ya seli na kwenye Parkinson, ule ugonjwa wa ubongo unaomfanya mtu atetemeke na awe mzito kujongea, zinahusika kweli. Mwaka 1982 kule California vijana waliojidunga heroini feki waliganda ghafla, hawawezi kutembea wala kuongea vizuri, kuja kuchunguza kumbe ilikuwa na MPTP, kitu ambacho kikifika kwenye ubongo kinageuka sumu inayozima mitokondria za zile seli zinazotoa dopamini, kemikali ya ubongo inayosaidia mwili kujongea. Baadaye zikajulikana jeni za PINK1 na Parkin ambazo kazi yake ni kusaidia seli kuondoa mitokondria zilizochakaa, jeni hizo zikiwa na hitilafu mtu anaweza kuumwa akiwa bado kijana.

Sasa kutoka hapo mpaka kuuza kopo ni mbali sana jamani! Koenzaimu Q10, ndo iliyoandikwa kwenye hayo makopo (nimesoma mwenyewe, herufi ndogo balaa), ilishajaribiwa Marekani na Kanada kwa wagonjwa 600, wengine walipewa hadi miligramu 2400 kwa siku, jaribio likasimamishwa 2011 maana waliokunywa hawakuwazidi chochote waliopewa vidonge visivyo na dawa.

Baba yangu mdogo saini yake kwenye daftari la chama cha kahawa inaanza kubwa halafu inasinyaa mpaka huioni, vifungo vya shati anafungwa na mjukuu. Alikuwa anaenda vizuri na levodopa, dawa ya Parkinson, akaiacha akahamia makopo, haikupita muda hata kujigeuza kitandani akawa hawezi. Ile dawa haikatwi ghafla. Haiponyeshi, sawa, ila mwili unaigeuza kuwa dopamini na mtu anatembea.

Halafu utafiti wa wilaya ya Hai, hapo jirani tu, uliochapishwa 2008 ulikuta wagonjwa wengi hawajawahi hata kuambiwa wanaumwa nini, wenye spika watakosaje wateja? Hebu mtafuteni daktari wa mishipa ya fahamu aandike kwenye ukurasa wenu wa afya levodopa inapatikana wapi huku kwetu na kwa shilingi ngapi, na bima inalipa au hailipi.

Msomaji wenu, Pasua, Moshi