Zaituni, usilifungue tanuri mapema

Majengo, Moshi

Kwako mpendwa Zaituni,

Salamu nyingi, shoga yangu. Huku hatujambo. Masika yameanza, mlima hatujauona wiki ya pili sasa, na wageni wa kupanda wamepungua. Mama anakusalimu, na bado anauliza lini utakuja kula mtori.

Ujumbe wako nimeusoma zaidi ya mara moja. Unauliza kama hiyo milioni moja na laki mbili ya mgao wa kikoba ukiitia kwenye shanga za kioo utaiona tena. Nimeona nikuandikie kwa kirefu, maana lipo jambo lililonipata Desemba ambalo kwenye simu sikukwambia. Lilikuwa bado linaniuma.

Mwenye duka mmoja hapa mjini aliniagiza mikufu 60 ya kuuza msimu wa Krismasi. Ndiyo oda kubwa kuliko zote nilizowahi kupata, na alilipa taslimu, 8,000 kwa mkufu, wakati wengine wote wananitaka mali kauli. Mkufu wangu una shanga 15, na tanuri langu linachoma shanga 120 kwa mara moja, yaani mikufu minane. Kwa hiyo ilinipasa kuchoma mara nane. Michomo minne ya kwanza niliifanya kama ninavyojua. Minne ya mwisho siku zilikuwa zimeniishia, nikawa nafungua tanuri alfajiri badala ya kungoja mchana. Shanga zilitoka nzuri, zinang'aa, nikazitunga pamoja na zile za kwanza, nikapeleka. Wiki mbili baadaye mikufu 41 ikarudi. Shanga zilikuwa zimepasuka zenyewe, nyingine zikiwa bado zimetundikwa ukutani dukani. Na mteja hakurudishii ushanga, Zaituni, anarudisha mkufu. Ushanga mmoja ukipasuka, na wale 14 wazima wamekwenda nao. Nilirudisha 328,000, na ilinichukua miezi mitatu kuimaliza.

Sasa nikueleze kazi yenyewe, uone kosa lilikuwa wapi. Mimi nafuata njia ya Wakrobo wa Ghana. Chupa zinaoshwa, zinatolewa lebo, zinatwangwa kwenye kinu cha chuma, zinachekechwa mpaka unga. (Hapo funika kinu kwa kitambaa kibichi na uvae barakoa kila siku, usije ukaniambia ni unga kidogo tu. Vumbi la kioo likiingia mapafuni halitoki kirahisi.) Unga unamiminwa kwenye kalibu za udongo wa mfinyanzi nilizozipaka ndani uji wa udongo mweupe ili kioo kisigande. Katikati ya kila shimo nasimamisha kikonyo cha jani la mhogo. Kinaungua motoni na pale kilipokuwa panabaki tundu la kupitishia uzi. Kisha kalibu zinaingia tanurini kwenye mkaa, moto unapepewa mpaka nyuzi joto 800 hivi. Kipimo sina, naangalia rangi: ndani pakiwa rangi ya chungwa, unga umeshikana.

Hiyo yote mtu anajifunza kwa mwezi. Kinachokula watu ni kupoza. Kioo kikitoka motoni ngozi yake ya nje inapoa na kukaza kwanza, wakati moyo wa ndani bado wa moto. Moyo nao ukija kupoa unataka kusinyaa, lakini nje kumeshakaza, basi vinabaki vinavutana humo humo. Kwa macho huoni kitu. Unauza ushanga wenye ugomvi tumboni, na siku moja, kwa baridi ya asubuhi au kwa kugongwa kidogo tu, unaachana. Kioo cha chupa kinahitaji kukaa kwenye nyuzi 550 hivi kitulie, halafu kishuke polepole sana. Kwa tanuri kama langu maana yake ni kuziba mlango kwa udongo na majivu wekundu ukikaribia kufa ndani, na kuondoka. Usichungulie. Nikiziba saa kumi jioni, sifungui mpaka saa saba mchana wa kesho yake, hata mwenye duka akae mlangoni.

Tangu Januari kila mchomo natoa shanga tatu, nazilaza kwenye friza ya jirani usiku kucha, asubuhi nazitumbukiza kwenye maji ya uvuguvugu. Mmoja tu ukilia kwa kupasuka, mchomo mzima unarudi kwenye kinu. Na usichanganye vioo. Yale mabakuli ya kioo ya kuokea kwenye oveni, mengi yake yanatanuka kama theluthi tu ya kioo cha chupa. Ukiviweka pamoja kwenye ushanga mmoja, hata upoze wiki nzima, vitaachana.

Kuhusu ile mashine ya gesi uliyonitumia picha, ya kuyeyushia vijiti vya kioo: ni njia nzuri, shanga zake zina nakshi ambazo mimi siwezi. Lakini vijiti vinaagizwa nje, na kupoza kuko pale pale. Pesa yako yote itaishia kwenye vifaa kabla hujauza hata ushanga mmoja. Chupa zipo bure. Mimi nilipowaona mafundi wa ile karakana iitwayo Shanga kule Arusha, ambako watu wenye ulemavu wanageuza chupa tupu kuwa glasi na mapambo, ndipo nilipoacha kupita jalalani bila kutazama.

Bei nayo. Mwaka wangu wa kwanza nilikuwa nauza mkufu 5,000 na nikajiona mfanyabiashara. Kwa bei hiyo mchomo mmoja, mikufu minane, unaingiza 40,000. Toa mkaa 14,000, nyuzi na vifungo 8,000, na 10,000 ya binti anayenisaidia kutwanga na kusugua. Nabaki na 8,000 kwa kazi ya siku mbili, nauli haijatoka. Watu watakwambia shanga za dukani ni rahisi zaidi, na ni kweli. Zile ndogo wanazotungia kina mama wa Kimasai zinatengenezwa viwandani, nyingi zinatoka Jablonec huko Jamhuri ya Cheki, huwezi kushindana nazo na usijaribu. Wewe muuzie anayetaka kujua kwamba ushanga huu jana ulikuwa chupa.

Watakuomba nyekundu. Kila siku naombwa nyekundu. Chupa nyekundu haipatikani, Zaituni. Jalalani utapata kahawia, kijani na nyeupe. Wapo wanaopaka rangi juu, ikilowa jasho inabaki shingoni. Mimi nasema sina, na wengi wananunua kijani.

Basi jibu langu ni hili: usitie pesa yote. Chukua laki mbili, nyingine iache kwenye kikoba, uje ukae kwangu wiki tatu masika haya haya wakati oda ni chache. Utachoma mwenyewe, utaziba mlango mwenyewe, na usiku utalala ukijua huruhusiwi kufungua. Ukiuweza usiku ule, tutaongea habari ya tanuri lako.

Ukija nibebee mfuko wa ule udongo mweupe wa Pugu, wangu unaisha na hapo kwenu Dar uko jirani. Na kama kuna mtu anatupa chupa za bluu, hata zilizovunjika, zifunge vizuri kwenye gazeti uje nazo. Bluu huku sijaipata tangu mwaka jana, na kuna bibi mmoja wa Rau ananingoja.

Wako,
Upendo