Vyombo vya umeme vipewe sauti, hata vya magurudumu mawili

Mhariri,

Kila gari jipya la umeme linapozinduliwa, husifiwa kwanza kwa utulivu wake: halingurumi, halitetemeki. Kwa mwenye macho hiyo ni raha. Kwa sisi tusioona ni hatari, na jambo hili halizungumzwi ipasavyo.

Naomba nieleze jinsi asiyeona anavyovuka barabara, maana wengi hudhani tunangoja kushikwa mkono tu. Nikifika kwenye makutano husimama, ncha ya fimbo nyeupe ikiwa ukingoni, nikasikiliza. Mbele yangu injini zinanguruma zikisubiri. Magari yanayoelekea upande niendako yakiondoka kwa pamoja, najua taa imeyaruhusu na yale yanayokatiza mbele yangu yamezuiwa. Hapo navuka, nikiuacha mngurumo ule ubavuni ili nisipinde njia. Gari la umeme lisilo na mlio linaharibu hesabu hiyo yote. Likisimama, kwangu ni kama halipo. Likirudi nyuma taratibu, nitasikia tairi likiwa limeshanifikia.

Tatizo hili limejulikana kitambo. Marekani ilikuwa na sheria yake tangu Januari 2011. Umoja wa Ulaya nao ulitaka miundo mipya ya magari ya umeme iwe na spika ya kutoa mlio kuanzia Julai 2019, kisha magari yote mapya kuanzia Julai 2021. Mlio huo hutakiwa kwenye mwendo mdogo, hadi kilomita 20 kwa saa Ulaya na 30 Marekani, kwa sababu gari likizidisha hapo tairi zake zinasikika zenyewe. Tena mlio hubadilika kufuata mwendo, hivyo naweza kujua kama dereva anaongeza kasi au anapunguza. Hapo walifikiri vizuri sana. Mwanzoni dereva aliruhusiwa kuuzima kwa kitufe. Baadaye Ulaya ikakipiga marufuku kitufe hicho, na ilifanya haki. Lakini hadi leo Ulaya haidai mlio gari likiwa limesimama, wakati Marekani inaudai gari likiwa limetiwa gia.

Pengo kubwa zaidi liko kwenye magurudumu mawili. Kanuni hizo ziliandikwa kwa ajili ya magari. Pikipiki, skuta (vile vibao vya magurudumu mawili na usukani ambavyo mtu huendesha akiwa amesimama) na baiskeli za umeme hazimo. Na hizo ndizo zinazopita karibu kabisa na mwili wangu, nyingine zikipanda hadi kwenye njia ya waenda kwa miguu. Skuta ya kukodi ikiachwa imelala njiani, fimbo inaweza kupita chini ya usukani wake, na muundi ndio unaoigundua. Wakazi wa Paris walipiga kura ya kuzikataa Aprili 2023, na kufikia Septemba skuta za kukodi zikaondolewa mitaani. Mimi sitaki zifike huko. Nataka zisikike, na ziegeshwe mahali pake.

Siipingi teknolojia hii. Mwaka 2015, Steve Mahan, mtu asiyeona, alipanda peke yake gari la Google lisilo na dereva, usukani wala pedali, likampitisha katika barabara za Austin, Texas. Habari ile ilinigusa kuliko uzinduzi wowote wa simu au saa ya kisasa, kwa kuwa sisi ndio tusioweza kupewa leseni hata tukisomea udereva maisha yetu yote.

Ninachowaomba watengenezaji ni kutuita kabla chombo hakijaingia sokoni, si baada ya mtu kugongwa. Watusimamishe kando ya barabara yenye kelele za kawaida, si ndani ya maabara, wakipitishe chombo chao mbele yetu, kisha watuulize tumekisikia kikiwa umbali gani. Na watunga kanuni wawaandikie watengenezaji wa pikipiki na skuta sharti lile lile walilowaandikia wa magari.

Msomaji wako asiyeona