Risala ya Wahitimu wa Uuguzi na Ukunga kwa Mgeni Rasmi, Dar es Salaam

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, Mkuu wa Chuo, walimu wetu, wazazi, walezi na wageni waalikwa,

Karibu sana katika mahafali yetu. Tunajua una majukumu mengi, na kufika kwako kumetutia moyo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, tumesomea katika jiji lenye Hospitali ya Taifa ya Muhimbili, taasisi ya mifupa ya MOI, Taasisi ya Moyo ya Jakaya Kikwete na taasisi ya saratani ya Ocean Road. Lakini kati ya Watanzania 61,741,120 waliohesabiwa katika sensa ya 2022, karibu theluthi mbili wanaishi vijijini. Huko ndiko wengi wetu tunakotarajia kupangiwa, na tunataka kwenda.

Kazi iliyofanyika tunaiona. Tangu Mpango wa Maendeleo ya Afya ya Msingi (MMAM) ulipoanza mwaka 2007, ukilenga zahanati kila kijiji na kituo cha afya kila kata, majengo yameongezeka, mengine kwa mawe, mchanga na nguvu za wananchi wenyewe. Vifo vitokanavyo na uzazi vimeshuka kutoka 556 kwa kila vizazi hai 100,000 katika utafiti wa 2015/16 hadi 104 katika ule wa 2022. Kwetu wakunga hakuna habari njema kuliko hiyo.

Hata hivyo, jengo halizalishi mama. Zipo zahanati za pembezoni zenye muuguzi mmoja au wawili. Huyohuyo anapima wajawazito, anachanja watoto, anatoa dawa, anajaza vitabu vya MTUHA, yaani vya taarifa za huduma za afya, na usiku anagongewa mlango: kuna mama ameshikwa na uchungu. Akiitwa wilayani kwa semina, huduma zinasimama. Akikosa nyumba hapo kijijini, anapanga mbali, na usiku wa masika hafikiki. Wenzetu waliotutangulia wanapoomba uhamisho, hatuwezi kuwalaumu.

Kwa hiyo ombi letu kubwa, na kama litasikilizwa moja tu basi liwe hili: nyumba ya mtumishi ijengwe sambamba na zahanati, isisubiri bajeti nyingine.

Pia tunaomba friji za sola pale umeme usipofika au unapokatika mara kwa mara. Oksitosini, sindano tunayomchoma mama akishajifungua ili asitokwe na damu nyingi, hutakiwa kutunzwa kwenye nyuzi 2 hadi 8. Ikikaa kwenye joto inapoteza nguvu, na mkunga hawezi kulitambua hilo kwa kuitazama chupa. Na barabara za kutoka zahanati kwenda kituo cha afya zipitike mwaka mzima, kwani gari la wagonjwa likikwama njiani, chumba cha upasuaji hakimsaidii mama aliyemo ndani ya gari hilo.

Mheshimiwa Mgeni Rasmi, sisi tuko tayari kwenda popote tutakapopangiwa.

Tunaomba kuwasilisha.