Wenyewe wako Kalkatta

Delhi, Jumatatu usiku

Shoga yangu Mwanaidi,

Salamu nyingi. Kaka hajambo, bandeji ya jicho imeondolewa, gazeti analisoma na kugombana nalo kama zamani. Daktari alitaka kumwona tena baada ya wiki, basi nikamwachia mkewe, nikapanda basi kwenda Shekhawati, kaskazini mwa Rajasthan. Watalii huipita mbio kwenda Jaipur. Mimi nilifuata nyumba zake, na huko nilikuwa nakuwaza wewe.

Nilifikia Nawalgarh, mji wa vumbi, ngamia wanavuta mikokoteni. Lakini kuta zake, mwanangu! Nje na ndani, mpaka chini ya mapaa, huoni pa kuweka kiganja pasipo na picha. Nyumba hizi huitwa haveli, nawe ungezitambua mara moja: mlango mzito wenye njumu, ua wa mbele ambako wanaume walipokea wageni wa biashara, kisha ua wa ndani wa wanawake.

Mafundi walichora juu ya chokaa mbichi, ukuta ukainywa rangi, ndiyo maana haijabanduka. Nyekundu ni ya udongo, nyeusi ya masizi, buluu ya nili. Baadaye zikaja rangi za viwandani kutoka Ulaya, kali hizo. Ukiziona tu unajua nyumba ni ya miaka ya mwisho mwisho. Treni ndizo zilizonivunja mbavu. Baadhi ya wachoraji hawakuwahi kuiona treni, walisimuliwa tu, basi behewa limekuwa safu ya vyumba, kila dirisha na kichwa chake. Katika mji wa Mandawa imechorwa hata ndege ya ndugu Wright.

Wenye nyumba walikuwa Wamarwari, jamii ya Rajasthan inayojulikana kwa biashara. Zamani misafara ya ngamia ilipita hapa. Waingereza walipoivutia biashara kwenye bandari zao, katika karne ya 19 wanaume wakaifuata Calcutta na Bombay. Wake na wazazi wakabaki, na pesa ikarudi nyumbani kujenga, kila mmoja akitaka kumpita jirani. Akina Birla, matajiri wa saruji, chimbuko lao ni Pilani, huko huko. Mwishowe familia nazo zikahama.

Nyumba ya akina Podar, ya 1902, imebahatika kuwa makumbusho. Nyingi nyingine zimefungwa. Warithi wametapakaa, wa kuuza hataki, wa kukarabati hana nguvu. Moja nilifunguliwa na mke wa mlinzi. Wamejibanza vyumba viwili, kitanda kimeegemezwa juu ya picha ya mungu Krishna, na moshi wa jiko umemmeza Radha, mpenzi wake, hadi shingoni. Nikamuuliza kwa ishara, wenyewe wako wapi? "Kalkatta." Huja? Akanyoosha kidole kimoja, akafikiri kidogo, akakikunja.

Sasa usinune. Ile nyumba yako ya Pongwe, vigae umevisafirisha kutoka Muscat, geti umelipaka dhahabu: umelala humo siku ngapi? Mara ya mwisho nilipopita, mlinzi alikuwa ameanika dagaa kwenye baraza yako ya marumaru. Nikacheka, nikanunua fungu moja.

Mwezi ujao nitakuwa Tanga. Niachie ufunguo kwa mama mkubwa, nikalale humo usiku mmoja, nione kama mabomba yanatoa maji.

Akupendaye,
Zuhura