Taarifa ya Mwenyekiti kwa Mkutano Mkuu wa Mwaka

Ndugu wanachama,

Nawashukuru ninyi 27 mliofika. Kwa chama chenye wanachama 112 hii si akidi, lakini kwa kuwa mkutano umeitishwa mara ya pili, katiba inaturuhusu kuendelea. Ule wa kwanza tulikuwa 14, tukabaki na chai ya watu 80.

Shughuli za mwaka mnazijua: kamati ilikutana mara 6, semina za uchambuzi wa data zilikuwa 4 zenye washiriki 96, hesabu zimekaguliwa, na mwanachama mmoja tulimzika, Mungu amrehemu. Sitarudia.

Nije kwenye jambo ambalo baadhi yenu mmelisemea pembeni mwaka mzima. Ndiyo, ni mimi niliyependekeza tuache ile programu ya kubofya na kuchora mishale, tufundishe modeli za milinganyo ya kimuundo, yaani zile za kupima jambo gani linaathiri lipi, kwa R, programu ya takwimu, na kifurushi chake cha lavaan, alichokitengeneza Yves Rosseel wa Chuo Kikuu cha Ghent, Ubelgiji. Nimeitwa dikteta. Kamati ilipiga kura, muhtasari upo.

Wanaosema nilibana matumizi hawajakosea: lavaan ni ya bure, na leseni ya ile programu ya zamani ilikuwa inakula zaidi ya nusu ya ada. Ila sababu yangu haikuwa fedha. Katika semina ya kwanza mshiriki mmoja alileta data za dodoso la mwajiri wake. Modeli yake ilisema mafunzo kazini huongeza kuridhika, na kuridhika huongeza nia ya kubaki kazini. RMSEA, kipimo cha jinsi modeli inavyoachana na data, ikatoka 0.11, wakati sisi hufundisha kwamba ikivuka 0.08 ujiulize. Yeye hakujiuliza. Alibofya mapendekezo ya programu moja baada ya jingine, akiunganisha makosa ya swali hili na lile, yaani ile sehemu ya majibu ambayo modeli haiielezi, mpaka ikashuka 0.05. Kisha akataka kuushauri uongozi uongeze bajeti ya mafunzo. Dodoso lenyewe lilijazwa siku moja! Nani ajuaye kama si wale walioridhika tangu awali ndio waliojitokeza kwenye mafunzo? Data za siku moja hazikuambii mshale uelekee wapi.

Kwenye lavaan unaandika mwenyewe: kuridhika =~ s1 + s2 + s3, yaani kuridhika, ambako hakuonekani kwa macho, kunapimwa kwa maswali hayo matatu. Ukitaka kuunganisha makosa, nako unaandika, na mwenzako anauona mstari huo na kukuuliza kwa nini. Sewall Wright, mtaalamu wa jenetiki wa Marekani aliyeanzisha michoro hii ya mishale, mnamo 1920 alikuwa anachunguza mabaka ya manyoya ya simbilisi. Alijua mzazi anamrithisha mtoto, ndipo akachora. Sisi tulikuwa tunachora kwanza.

Ni kweli semina ya mwisho ilikuwa na watu 13 tu, kutoka 41. Mvua nayo ilichangia. Mwongozo wa Kiswahili wa kurasa 38 niliuandika mwenyewe usiku, bila posho, na sijasikia asante hata kutoka kwa wanaounakili na kuutumia kwenye kazi zao za kulipwa.

Ada. Waliolipa ni 31. Wengine 81 hawajalipa, wakiwemo watatu wa kamati, na wawili kati ya waliolalamikia leseni kuachwa. Mtu aliyetaka tuendelee kulipia leseni alitarajia tuilipie kwa nini?

Mwaka ujao tunatarajia, Mungu akipenda, kuwafikia mameneja wenyewe, maana ndio wanaoamua, na kutafuta ukumbi wenye umeme wa uhakika. Panapo nafasi tutagusa pia data za vipindi vingi, yaani watu walewale wakiulizwa mara kadhaa, si siku moja.

Orodha ya wanaodaiwa anayo mweka hazina, yuko mlangoni. Ameniomba niwaambie kwamba leo hapokei ahadi.